Kitanda Alichokipima Baba

Nilipokuwa mtoto wa kuamia ndege, huko Michenga, niliamini kwamba kitanda kinaweza kuua. Haikuwa hadithi ya kututisha watoto. Nilikiona kikichomwa moto, na watu wazima wamekizunguka kama waliozunguka nyoka aliyeuawa.

Alikitengeneza baba, mama alipokuwa na mimba ya mdogo wangu. Baba alikuwa mkulima wa mpunga, na useremala wake ulikuwa wa kubahatisha. Meza yetu ilikuwa na miguu minne na kila mmoja ulikuwa na mawazo yake. Lakini aliwahi kumuuguza dada yake hospitalini mjini Ifakara, akaona kitanda kidogo kimebanwa ubavuni mwa kitanda cha mzazi, upande mmoja uko wazi, mama ananyoosha mkono tu anamchukua mtoto. Kikamkaa kichwani. Akapima kitanda cha mama kwa kamba, akapiga randa, akakaza misumari. Safari hii hakubahatisha.

Bibi mzaa mama alikuja kumsaidia mama uzazi, akakikuta chumbani kinasubiri. Hakukaa hata chini.

"Mtoto hajafika mmeshamtandikia," alisema. "Kitanda kitupu kinatafuta wa kulala. Kitoeni, na asilazwe humo hata akizaliwa."

Kwa bibi mtoto hakuandaliwa chochote kabla hajalia. Hata khanga za kumpokelea zilitunzwa kwa jirani. Na baba alikuwa mkwe; kwetu mkwe hambishii mama mkwe, hata kama anaona amekosea. Akakibeba kitanda hadi nyuma ya nyumba, kikawa kichanja cha vyombo.

Deo alizaliwa mzima, mnene, mwenye kunyonya kwa fujo. Mpunga nao ukaanza kutoa masuke, na masuke yakitoka katika bonde la Kilombero hakuna mzazi wala mgonjwa. Tulihamia shamba nyumba nzima, tukalala kibandani, na tangu alfajiri hadi jua kuzama tulipiga madebe na kurusha udongo kwa kombeo, kweleakwelea wasitumalize. Mama alitoka uzazini akaingia kwenye kuamia ndege. Nilimwona akisinzia amesimama, kombeo mkononi. Sikumbuki mtu yeyote aliyemwambia akapumzike, na hilo linanikasirisha mpaka leo.

Mchana mmoja wa jua kali Deo akalia. Mama akaingia kibandani, akajilaza naye kwenye kitanda cha kamba amnyonyeshe. Kile kitanda kilikuwa kimebonyea katikati, ukilala mwili unateremka wenyewe. Mimi na baba tukabaki na ndege. Bibi ndiye aliyekwenda kumwita mama aje kula. Alikaa humo ndani muda, hatukusikia neno. Kisha akatoka, khanga ameivuta hadi usoni, akamwambia baba, "Kitanda kimemchukua."

Baba aliliweka chini taratibu debe alilokuwa nalo, kama kitu cha kuvunjika.

Msibani watu walishakubaliana: mtoto alitandikiwa kabla ya kuzaliwa, akaitwa. Hata jirani yetu Msukuma, aliyetuletea maziwa, alitikisa kichwa akasema kwao nako huwa ni hivyo hivyo. Bibi akaagiza kitanda kichomwe. Vyombo vikashushwa, baba akakipasua mwenyewe kwa shoka, na mbao zake zikasukumwa chini ya sufuria la wali wa waombolezaji. Mama alikuwa mkekani, maziwa yamelowesha khanga kifuani. Wali ule niliula. Tangu siku ile baba hakushika tena randa. Hata mpini wa jembe alinunua.

Sasa naishi Mlabani, mjini Ifakara, na mwaka huu nimepata mtoto wa kwanza. Mimba ilipokuwa kubwa, nesi wa kliniki alinielekeza kwamba mtoto anayenyonya alale karibu nami ila mahali pake mwenyewe, godoro liwe gumu, pasiwe na mto wala mwanya. Nilimsikiliza huku nikikiona kitanda cha baba. Nikaenda kwa fundi mmoja Kibaoni. Alinionyesha kitanda chenye nakshi na fito pande zote, nikakataa. Akanionyesha cha kubembea, nacho nikakikataa. Nilipomwelezea ninachotaka akacheka.

"Dada, hicho si kitanda, hicho ni nusu."

"Nitengenezee hiyo nusu," nikamwambia.

Niliyemwogopa ni mama. Ndiye angekuja kunitunza uzazi, kwa kuwa bibi na baba walishafariki. Nilipanga kukificha kwa jirani mpaka nijifungue, lakini bodaboda ikamleta mapema, akakikuta kimeshabanwa ubavuni mwa kitanda changu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba." Hakunitazama. Aliinama, akapitisha vidole kati ya vitanda viwili. "Hapa pana mwanya. Kisogeze."

Nikakisogeza. Akajilaza kitandani kwangu na vumbi lake la safari, akanyoosha mkono ukaingia ndani ya kile kidogo.

"Cha baba yako kilifika hapa hapa," alisema. "Alikipima vizuri."

"Mama, si walisema..."

"Mimi ndiye niliyemlalia, Skola. Bibi yako alinikuta nimemlalia. Akaniziba mdomo kwa kiganja, akaniambia nisiseme, akatoka akasema kitanda." Mkono wake ulikuwa bado umo. "Baba yako amekufa anadhani ni mikono yake iliyomuua mwanawe. Sikumwambia."

Bibi alimkinga binti yake na midomo ya watu kwa imani ile ile iliyomnyima Deo pa kulala. Nimejaribu kumchukia nimeshindwa, na kumshukuru nako nimeshindwa. Ila namlilia baba, aliyefanya kitu kimoja sawasawa maishani mwake akakipasua kwa shoka.

Mwanangu yumo humo sasa. Nikisinzia ananyonya, mama humtoa kifuani pangu, humlaza chali mahali pake. Halafu, kabla hajakaa, hupitisha tena vidole pale pembeni, kutafuta mwanya.