Vidole vya Mdogo Wangu

Karani wa ofisi ya vitambulisho mjini Garissa alinipa kiti kabla hata sijaeleza shida yangu. Nilikuwa nimemsalimia kwa Kiingereza, kile cha puani nilichofundishwa Nairobi. Nguvu za Kiingereza hicho nazijua na huwa nazitumia bila haya. Mdogo wangu wa kike alibaki amesimama nyuma yangu, amekumbatia faili lake la plastiki. Hakuna aliyejali kama naye ana miguu inayochoka.

Ilikuwa mara yetu ya nne. Chuo cha uuguzi kilikuwa kimempa nafasi, nacho kilitaka kitambulisho kabla mwezi haujaisha. Kila tulipokuja tulipewa jibu lile lile: akiweka vidole kwenye mashine, mashine inasema huyu ni mkimbizi wa Dadaab. Baba mmoja, mama mmoja, tumelala kitanda kimoja nyumbani kwetu mtaani Waberi, hapa hapa Garissa, lakini mimi ni Mkenya na yeye ni mgeni.

Kinachoniudhi ni kwamba mashine haikusema uongo. Ni sisi tuliomwandikisha.

Baba yetu alikuwa mfanyabiashara wa ng'ombe. Mwaka mmoja soko lilimnyookea, akasikia mwenzake akijisifu kwamba binti yake anasoma Nairobi na anaongea kama watu wa televisheni. Baba hakuweza kulala na habari hiyo. Muhula uliofuata nikapelekwa bweni, kwenye akademi yenye mwalimu wa piano na daktari wa meno wa kuja kutukagua. Shule zikifungwa nilirudi Garissa nimevaa koti zito la shule katika joto lile, jasho likinitiririka mpaka kiunoni, maana baba alikataa nilivue kabla majirani hawajaliona. Alinipeleka sokoni akaniambia niwasemeshe Kiingereza wanunuzi wa mbuzi. Nami nilifurahia, sitadanganya. Nilijiona mtu kuliko watu.

Kisha ukaja ukame. Mifugo ilikufa kuanzia kwa babu, huko Lafey, mpaka zizi letu likabaki kinyesi kikavu. Kilichobaki mkononi mwa baba kilitosha karo yangu au chakula cha nyumba, si vyote viwili. Shangazi wa mama alikuwa akiishi kambini Dadaab, mkimbizi wa kweli aliyetoka Somalia na watoto wake. Kule kulikuwa na mgao wa unga na mafuta, na shule ya bure. Mdogo wangu akapelekwa, akaandikwa kwenye kadi ya chakula kama mtoto wa yule bibi, akakandamizwa vidole kwenye kioo. Majirani wengi walifanya hivyo mwaka ule. Hakuna aliyejua kwamba vidole vile vingesubiri miaka yote kuja kumshitaki.

Alisomea huko mpaka kidato cha nne. Mtihani wetu ulikuwa ule ule wa taifa, tofauti ni miaka tu. Alinipita mbali sana, mimi na piano yangu yote.

Mara hii ya nne baba naye alikuwa amekuja nasi, na kofia yake ya swala, na barua ya chifu. Aliinamia meza ya karani.

"Hii mtoto yangu," alisema, kwa Kiswahili chake cha Kisomali kinachogeuza p kuwa b. "Mimi nabeleka Dadaab sababu ya shule na chakula, bas. Mama yake iko hapa Garissa. Wallahi hii si mkimbizi."

"Mzee, nakuelewa," karani akasema, na nadhani kweli alimwelewa. "Lakini jina lazima kwanza litolewe kule kwenye orodha ya wakimbizi. Utaandika maombi, utangoja."

"Nangoja baka lini?"

"Siwezi kukudanganya. Kuna waliongoja miaka."

Hapo nikapandwa na hasira. Nilisimama nikafoka kwa Kiingereza changu chote, nikataja katiba, nikamtaka mkubwa wake. Karani alinisikiliza mpaka nikaishiwa pumzi.

"Madam," akasema kwa upole, "wewe huna shida. Wewe unacho chako."

Tulitoka nje. Baba akaenda msikitini kuwahi adhuhuri, sisi tukakaa kwenye kivuli cha ukuta. Mdogo wangu alipanga upya karatasi zake kwenye faili, barua ya chuo juu kabisa.

"Usimkasirikie aabo," akaniambia, maana ndivyo tunavyomwita baba. "Hakuwa na njia nyingine."

Amelisema neno hilo miaka yote, na miaka yote nimelinyamazia. Siku ile nilishindwa.

"Alikuwa nayo," nikasema.

Nikamweleza. Jumamosi moja, mwaka ule wa ukame, baba alinipigia kupitia simu ya matroni. Alisema ng'ombe wameisha. Aliniuliza kama ningekubali kurudi nyumbani, sote wawili tusome shule ya serikali hapa Waberi, na pesa ya karo iwalishe wote. Aliniuliza kabisa, kama anavyoulizwa mtu mzima. Nami nililia. Nilisema siwezi kukaa sakafuni na watoto wasio na viatu, na kwamba akinitoa sitamsamehe. Baba akasema, "Haya, aabo," maana kwetu baba humwita mtoto kwa jina lile lile mtoto analomwitia yeye. Wiki ile ile mdogo wangu alipakiwa kwenye lori la maji kwenda Dadaab.

Nilipomaliza sikuthubutu kumtazama. Nilitaka aniambie kwamba nilikuwa mtoto. Hilo tu.

"Ulikuwa na miaka mingapi, abaayo, dada yangu?" akauliza.

"Kumi na miwili."

Alifikiri, akafunga faili lake.

"Basi ulikuwa mkubwa," akasema.