Jecinta na Kibao cha Anti Gurmeet

Jecinta ana mdomo, na hilo jengo letu lote hapa International City, Dubai, linajua. Yeye ndiye askari wetu. Anaketi mapokezi, yunifomu imepigwa pasi mpaka inakata, na anajua nani kapoteza ufunguo na nani kakosana na bwanake. Lakini mguse kwa chapati uone kazi ikisimama. Mamake anazipika kando ya stendi kule Kitale, na Jecinta alijua kusukuma kabla ya kujua kusoma. Ukidharau chapati umemdharau mamake, na hapo omba Mungu lifti ifike haraka.

Siku moja akajigamba mbele ya Anti Gurmeet, Mpunjabi wa ghorofa ya chini, nywele nyeupe na raba za kukimbilia, kwamba chapati ya kweli iko Kenya. Anti alicheka mpaka akashika ukuta. Akasema chapati ni mtoto wao aliyepanda meli zamani. Jumapili Jecinta akiwa off, amlete huyo mtoto kwao waone kama bado anafanana na wazazi.

Mimi na rafiki yangu Nick tukajialika. Mtu akienda kuaibika lazima mashahidi wawepo.

Anti alituanzia Deira, kwa kihoteli cha watu wa kwao. Puri, vile vimkate vya kukaangwa, zikaja zimevimba kuliko kichwa cha Nick, na si kichwa kidogo, pamoja na mchuzi wa dengu na maziwa ya mgando ndani ya glasi ndefu kama chombo cha maua. Tukavuka maji kwa abra, mashua ya abiria, tukapiga picha, tukaingia metro. Jecinta alikuwa anashikashika mkoba wake tu. Mimi nikajua huyu ameshaogopa.

Mwisho wa safari ulikuwa gurdwara, hekalu la Kalasinga kule Jebel Ali, ambako yeyote anayeingia analishwa bure na wageni wanakaribishwa kusaidia jikoni. Unavua viatu, unafunika kichwa. Nick akafungwa kitambaa cha machungwa, akafanana na nyanyake kabisa.

Jikoni kina mama walikuwa wameketi kwa mstari, kila mmoja na kibao chake cha kusukumia. Cha Anti kilikuwa cha kwanza, karibu na chuma cha kuchomea. Hata mkaza mwanawe hakigusi, yeye humpitishia madonge tu. Jecinta akapewa kibao cha mwisho, kule kwa wanaojifunza.

Na akafanya kosa la Mkenya. Akatoa chupa ya mafuta kwa mkoba, akapaka, akakunja donge kama konokono, akasukuma. Kumbe za pale hazikunjwi wala hazitiwi mafuta, na lazima zivimbe motoni. Ya Jecinta ililala kwenye chuma kama mtu aliyeambiwa visa imeisha. Kina mama wakaangua kicheko. Nikamwambia arudi tu kufungulia watu mlango.

Jecinta akanipa mgongo. Aliiangalia ile chapati, akarudisha chupa kwa mkoba, akakunja mikono ya blauzi.

"Anti, nipe donge lingine," akasema. "Hilo nilimpikia mamangu. Hili ni lenu."

Akasukuma kavu. Mkono ule ule wa Kitale, kiganja kinabonyeza, donge linazunguka lenyewe kama limetumwa. Ikaenda kwenye chuma, ikatulia kidogo, halafu ikavimba yote, duara, kama puri ya asubuhi. Iliyofuata pia. Kicheko kikaisha, madonge yakaanza kumfuata yeye.

Sisi tukaenda kukaa chini kula. Nick akainua mikono miwili kusema ameshiba, kumbe pale hivyo ndivyo unavyopokea. Akaongezwa, akainua tena, akaongezwa tena. Sikumwambia kitu.

Tuliporudi jikoni, Anti Gurmeet alikuwa amesimama anapangusa unga. Akamshika Jecinta bega, akamhamisha kutoka mwisho wa mstari mpaka mwanzo, akamwekea mti wa kusukumia mkononi.

"Nishikie nafasi yangu, beti," akasema, yaani binti yangu. "Mimi naenda kula."

Mkaza mwana akamtazama mama mkwe, akamtazama Jecinta, akasukuma sinia ya madonge mbele yake.

Mpango ulikuwa tumalizie Marina, kutembea kando ya maji. Nikamwambia Jecinta yalla, twende, jua linatuacha.

"Nendeni," akasema bila kuinua macho. "Mimi nimeachiwa kibao cha watu."

Nick akampiga picha, akaituma Kitale kwa simu ya Jecinta. Mamake akajibu kwa ujumbe wa sauti, akicheka na kulia pamoja, akamwambia anyooshe mgongo, si hivyo alivyomfundisha. Jecinta akanyoosha mgongo.

Marina hatukuiona. Mimi na Nick tulipewa masinia ya kuosha, na kila aliyepita akiuliza yule binti wa mbele ni wa nani, nilimjibu kabla Nick hajafungua mdomo: huyo ni wetu.