Ghuba Waliyomkabidhi Mume Wangu

Admin, nifichie jina kabisa, maana huku kwetu wengi wanafuata ukurasa huu. Mimi ni mama wa miaka 36, naishi mwaloni huku Geita, pale wavuvi wanaposhushia samaki, nami nawakaanga. Nina mapacha, Kulwa na Doto.

Mume wangu ni mwenyekiti wa kikundi cha kulinda ziwa. Ngege wetu wa asili walikuwa karibu kwisha, tumebaki na sangara na sato tu, ndipo kijiji kikakubaliana kuifunga ghuba moja ili wazaliane. Asiingie mtu na wavu wowote. Kaka yangu alikuwa na kokoro, ule wavu wa kuburuta unaozoa hadi vifaranga. Nilimbembeleza mimi mwenyewe mpaka akalisalimisha. Mume wangu akalichoma mbele ya mkutano, watu wakapiga makofi.

Kaka hakuwa na kazi nyingine. Akaenda kwenye mashimo ya dhahabu, na sasa vumbi limemharibu kifua, akiongea kidogo anakohoa. Wifi yangu aliwahi kuniambia, "Mumeo katutoa ziwani ili ale peke yake." Nilimfukuza nyumbani kwangu.

Mwezi uliopita nilikwenda Geita mjini kununua mafuta ya kukaangia. Sokoni nikakuta mama ana beseni la ngege wabichi, wakubwa, wengine mayai bado yamejaa mdomoni, maana ngege hulelea mayai mdomoni. Nikamuuliza kawapata wapi. Hanijui, akacheka: "Mayu, mama yangu, hawa ni wa Baba Kulwa, mwenyekiti. Ana ghuba yake huko, anatuuzia sisi wa mbali tu."

Nilirudi bila mafuta. Nilipomuuliza mume wangu, hata hakukana.

"Sasa nilinde bure? Hao ngege wameongezeka kwa jasho la nani?"

Nikamtajia kaka.

"Kaka yako alitoa wavu kwa hiari yake," akasema, akaomba chakula.

Nikimtaja mume wangu hadharani, nawajua wanaume wa hapa. Watasema tulidanganywa wote, na makokoro yaliyofichwa yataingia ghubani siku hiyo hiyo. Ngege watakwisha tena, na kaka atakuwa ameumia bure. Nikinyamaza, mume wangu mwenyewe atawamaliza ngege, taratibu.

Jumamosi kuna mkutano wa kumchagua tena. Akina mama wa mwaloni wamenichagua mimi nitoe neno la kumshukuru. Kaka naye anakuja, kasema anataka kunisikia.

Jamani mnaosoma, nisaidieni. Nikisimama pale, niseme nini?