Majani Yaachwe Nje

Siku ile naikumbuka vizuri, mwanangu, kwa sababu ndiyo siku niliyotaka kuacha kila kitu. Mimi si mzee, mvi sina. Lakini yaliyonipata nikiwa na wewe mgongoni yanatosha kukuambia, wewe na mwenzako yeyote atakayesoma hapa.

Nilikuwa najitolea kwenye maktaba ya zabibu, huku Makutupora. Usifikirie jengo kubwa. Ni chumba kimoja, zamani kilikuwa stoo ya Bibi Ndahani, akakitoa kwa kikundi cha wakulima baada ya mumewe kufariki. Ndani kuna vitabu vya mizabibu tu: kupanda, kupogoa, magonjwa. Ukutubi, hiyo kazi ya maktaba, sijausomea hata siku moja, nina kidato cha nne basi. Watu walinicheka, wakasema nimekosa kazi ndiyo maana nafuta vumbi bure. Waache.

Mkulima alipoona mzabibu unaumwa, alichuma jani akalileta, tukalilaza juu ya picha kitabuni, tukafananisha. Ndiyo ilikuwa desturi yetu, na ndiyo maana vitabu vilikuwa na udongo na madoa ya kijani. Mwenyekiti wa kikundi hakuipenda. Aliposikia wageni wanakuja kututembelea, akasimama mlangoni akatangaza kwamba kuanzia sasa majani yaachwe nje.

Asubuhi hiyohiyo akaja mama mmoja, miguu imejaa matope, jani kalifunga kwenye pindo la kanga. Mwenyekiti akamwambia aliweke pale chini.

"Sasa baba, nikiliacha nje, ndani nikaangalie nini?"

Akalifunga tena pindo lake, akasema jirani alishamshauri dawa ya salfa, basi ataenda kununua hiyohiyo. Shamba lile ndilo lililomsomeshea watoto, na lilikuwa linakauka. Akaondoka.

Mwanangu, nilichemka. Nilimwambia mwenyekiti maneno ambayo sitayaandika, nikatupa ufunguo mezani, nikasema atafute aliyesomea. Nikakaza mbeleko nikatoka.

Bibi Ndahani alikuwa kibarazani kwake, hapo jirani, anachambua mboga ya mlenda. Kusoma hajui. Hakunisifu wala hakunibembeleza.

"Unakwenda wapi?"

"Nyumbani, bibi."

"Ukishafika nyumbani na hasira zako, yule mama atakuwa amepata nini?"

Akaendelea kuchambua. "Rudi uchukue kitabu, umkimbilie. Mwenyekiti niachie mimi, nimemfuta makamasi huyo."

Nilimkuta yule mama karibu kabisa na duka la pembejeo. Tukachuchumaa kando ya barabara, kitabu magotini kwangu. Ugonjwa sikuujua, nilijua tu picha zinakaa wapi. Akalilaza jani, akaligeuza. Ukungu mweupe ulikuwa upande wa chini, sawasawa na picha. Nikamsomea taratibu: ubwiri vinyoya, salfa haiutibu, kisha jina la dawa yake. Akaniomba nirudie jina hilo, nikarudia, wewe unalia mgongoni, mpaka akaweza kulitamka mwenyewe.

Niliporudi, ufunguo ulikuwa mkononi mwa Bibi Ndahani. Akanirudishia, na majani yakaendelea kuingia ndani. Wageni walikuja, wakavikuta vitabu na madoa yake. Mwenyekiti hanifurahii mpaka leo, na mimi simfurahii.

Kwa hiyo sikuambii usikasirike. Kasirika. Mtu akimfungia mwenzake mlango na wewe ukatulia tu, nitakuuliza una nini. Lakini kabla hujatupa ufunguo, tazama aliyefukuzwa anaelekea wapi, umfuate na kile alichokuja kukitafuta. Usingoje cheti ndipo umfungulie mtu kitabu, wala usijifanye unajua usichokijua. Tafuta ukurasa, msomee, mwache aangalie kwa macho yake.

Mungu akupe hasira yenye miguu, mwanangu. Na siku utakayotoka umekaza mbeleko, akuwekee kibarazani bibi wa kukuuliza unakwenda wapi.