Mama Aliyeshika Mwiko

Mimi ni mtu wa kushuku. Ukinisalimu mara mbili nitajiuliza unataka nini. Kwa hivyo siku nilipopanda kijijini Wamagana kumtembelea kaka yangu, nikamkuta msichana wa chuo kikuu ameketi kwenye kochi lake, simu iko mezani tayari kurekodi, sikumkaribisha chai. Nilimuuliza anatafuta nini.

Akasema anasomea saikolojia, na utafiti wake ni kuhusu wanaume wa Nyeri wanaopigwa na wake zao.

Haya basi. Kenya nzima inakijua kichekesho hicho. Nina saluni hapa Skuta, mjini Nyeri, na wateja wa mbali wakikaa kwenye kiti changu lazima waulize kama mume wangu bado yuko hai. Nilimwambia yule msichana kwamba huo haukuwa utafiti, ulikuwa utani uliovaa miwani. Hakukasirika. Alisema kwa upole kwamba wapo wanaume wanaoumia na kuona haya kusema, na hakuna jina litakalotajwa. Upole wake ndio ulionitia wasiwasi zaidi. Mtu mwenye nia mbaya angalau angenijibu kwa ukali.

Kaka yangu alikubali. Yeye hukubali kila kitu. Ndiye anayekusanya maziwa ya upande ule wote na kuyapeleka kwa pikipiki yake, na akikutana na mtu yeyote njiani lazima asimame waongee.

"Wacha amalize kazi yake, anatoka mbali," aliniambia. "Hata mimi niko na story zangu."

Msichana akaomba wabaki wawili tu, ndivyo sheria ya kazi yake ilivyotaka. Nikaenda jikoni kumenya viazi na wifi yangu, mwanamke mpole kutoka Kianyaga ambaye sijawahi kumsikia akimfokea hata kuku. Binti yao alikuwa hapo sakafuni na mwiko wake, akipika majani ya chai kwenye kopo. Mwiko huo ulikuwa na kazi nyingine. Baba yake akiingia na gambuti zenye matope, mtoto humchapa nao miguuni na kumwamuru akae chini, na baba hukaa.

Kwetu binti wa kwanza hupewa jina la mama mzazi wa baba. Kaka yangu hangeweza kumwita mtoto kwa jina lile tupu, maana ni kama kumtaja marehemu mama yetu bila heshima. Alimwita mama. Tangu mtoto yuko kwenye shali mgongoni alikuwa mama: mama amelala, mama amekataa uji, mama leo amekasirika. Hapo kijijini wanaume wengi hufanya hivyo, wala hakuna anayeshangaa.

Tukiwa jikoni tulimsikia kaka yangu akicheka huko sebuleni. "Ati anacheka nini hivyo?" wifi akauliza, na yeye mwenyewe akatabasamu.

Miezi mingi baadaye ndipo tulipojua alichokuwa akicheka, msichana aliporudi kutuletea matokeo. Ilikuwa ni adabu, alisema, kuwarudishia watu maneno yao. Tukajaa kwenye ukumbi wa kanisa. Wifi na kaka walikaa mbele na mtoto wao, mimi nyuma yao. Msichana akasoma maneno ya mwanamume mmoja, mfanyabiashara wa maziwa:

"Mama? Huyo hunichapa kila siku, na mwiko. Akisema nikae chini nakaa. Nikimjibu atalia, na mimi sitaki mama alie."

Msichana alikuwa ameambiwa kwamba wanaume wa huku humwita mke mama. Kwa heshima, akamuuliza kaka yangu kama mama humchapa. Kaka yangu, kwa furaha, akamsimulia habari za mtoto.

Jina halikutajwa, ni kweli. Ila muuza maziwa wetu ni mmoja. Ukumbi ulilipuka kwa kicheko. Waliojua mama ni nani ndio waliocheka zaidi, kwa sababu uongo ule ulikuwa mtamu kuliko ukweli. Na kulikuwa na jirani mmoja, ninayejua hulala kwenye zizi la ng'ombe mkewe akiwaka. Yeye alicheka hadi akajifuta machozi. Nilijua hapo hapo kwamba huyo hatamwambia mtu yeyote shida yake tena.

Kaka yangu alisimama kueleza. "Hapana, hiyo maneno ni ya mtoto! Ni mama yangu huyu mdogo!" Wakacheka upya. Mwanamume anayemtetea mkewe mbele za watu, kwao, ndiye hasa aliyepigwa. Wifi alimshika mtoto mkono akatoka. Kabla ya jua kutua alikuwa Kianyaga kwa wazazi wake.

Nilimpigia msichana simu nikiwa nimejaa hasira. "Pole sana, mama," akasema.

"Mimi si mama yako. Umeona hiyo neno imetufikisha wapi?"

Akaniahidi kurekebisha maandishi. Kisha akauliza kama familia yetu ingekubali kuzungumzia jinsi utafiti ulivyotuathiri. Nilikata simu. Labda alikuwa analia upande wa pili. Mpaka leo nashuku alikuwa anarekodi.

Tulikwenda Kianyaga mimi na kaka. Ndugu za wifi walitutazama kama watu waliokuja kuiba. Yeye alitusikiliza hadi mwisho, halafu akaongea na mimi, si na mumewe.

"Nitarudi, anti. Lakini huyo mtoto aitwe jina yake ya shule. Sitaki kusikia mama kwa hiyo nyumba tena. Hiyo mama ndiyo imenifanya mpiga waume."

Kaka yangu alikubali. Yeye hukubali kila kitu.

Jumapili iliyopita nilikuwa kwao. Pikipiki iliingia, na mtoto akatokea mlangoni na mwiko wake, akiyangoja matope. Kaka yangu akavulia gambuti nje, akamwita kwa jina la shule.

Mtoto akageuka nyuma, kuangalia ni nani anayeitwa.