Kaniki Aliyopewa Mrusi

Nilipokuwa mtoto, wivu wangu ulijulikana Mahurunga nzima. Mama akimpakata mtoto wa jirani, mimi naumwa tumbo. Bibi mzaa mama, ambaye kwa utani wetu aliniita "mke mwenzangu", alisema nilizaliwa nimekunja ngumi nikakataa kuikunjua. Sasa nakaa Mtwara mjini, nina wajukuu, na vidole vimeanza kupinda vyenyewe. Wivu bado upo, siwadanganyi.

Bibi alikuwa na kipande cha kaniki. Ilikuwa ya mama yake, mwanamke aliyezaa wengi asizike hata mmoja, na nyumbani kwetu iliaminika kuwa nguo ya mwanamke wa namna hiyo ikishonewa hirizi, mimba haiponyoki. Kila binti wa ukoo alikatiwa kidogo, mpaka kikabaki kipande cha upana wa kiganja. Hicho kilikuwa changu. Bibi alishaniahidi. Ungo sijavunja, mume sina, mimba sina, lakini kipande ninacho! Nilikuwa nikifungua kasha lake kukichungulia kama mtu anayechungulia chungu cha jirani.

Ndipo akaja Daktari Farida. Miaka ile ya vijiji vya ujamaa palikuwa na madaktari wa Kirusi mjini, na kila wiki gari lao lilikuja zahanati yetu. Wenzake walikuwa na majina ya kuvunja meno. Yeye Farida, kama muuza maandazi wa Mikindani! Watu walisema mengi. Ni binti wa Mwarabu. La, kasilimishwa na bwana. Mimi mwenyewe nilichangia mawili matatu. Kumbe alikuwa Mtatari, na Watatari ni Waislamu wa tangu na tangu, huko huko Urusi.

Mchana mmoja alikuja nyumbani, akavua viatu mlangoni bila kuambiwa. Kiswahili chake kilikuwa cha darasani, kila neno limesimama peke yake.

"Bibi, mimi ni daktari. Mimi ninajua dawa. Lakini mimba zangu zinatoka. Sasa nina nyingine." Akashika tumbo. "Bibi yangu alikuwa anashona hirizi ya pembe tatu. Yeye amekufa. Wewe unashona?"

Bibi akainuka. Akafungua kasha.

"Bibi! Hicho changu!"

"Wewe una mimba?"

"Sina."

"Basi kaa, mke mwenzangu. Na utashona wewe."

Maana desturi ilikuwa hivyo. Aya aliandika mwalimu wa chuo cha Kurani, lakini sindano ilishikwa na msichana ambaye hajavunja ungo, na akishaishika hasemi neno mpaka amalize. "Tena usishone na kinyongo," Bibi alinionya. "Uzi utakatika."

Ukakatika. Nikatunga mwingine, nao ukakatika. Kwa kuwa siruhusiwi kusema, nikaunyooshea uzi kidole: mbovu huu!

"Uzi wa dukani, wa juzi," Bibi akasema, wala hakunitazama. Akamgeukia mgeni. "Na wewe mwanangu, kwenu hakuna masheikh?"

Farida akakaa vizuri mkekani, akasimulia. Mimi nikatega masikio yote, na umbea ndio chakula changu. Zamani, alisema, nchi ilikuwa ya wafalme. Wako waliobomoa misikiti ya Watatari na kuwabatiza wazee wake kwa nguvu. Baadaye akaja mtawala mwingine akasema haya, salini, ila mufti atawekwa na serikali. Kisha Wakomunisti wakashika nchi. Wakatangaza kila mtu na dini yake. Haikupita miaka mingi, mwezi ukashushwa kutoka juu ya mnara, na msikiti wa kijijini kwao ukawa ghala la ngano. Bibi yake akavizika vitabu bustanini, chini ya viazi.

"Na baba yako?" Bibi akauliza.

"Baba ana kadi ya chama. Baba anafunga Ramadhani. Kazini wanauliza, mbona huli? Anasema ana vidonda vya tumbo."

"Kila mwaka?"

"Kila mwaka, mwezi mmoja, vidonda. Anapeleka cheti cha daktari."

"Daktari gani huyo?"

"Mimi."

Bibi alicheka mpaka mtandio ukamdondoka. Mimi midomo nimeifunga, kicheko kikatokea puani. Nikatahamaki nimeshamaliza upande mzima, na uzi haukukatika tena.

"Hebu niambie," Bibi akasema akijifuta machozi. "Wakubwa wenu wanasema Mungu hayupo, halafu wanamsaka nyumba hadi nyumba?"

Farida akacheka, kisha akaangalia mlangoni.

Hirizi ilipokuwa tayari, Bibi alimfunga kiunoni kwa mkono wake. "Usiende nayo baharini. Pwani ina macho."

Akaenda nayo. Warusi na kuoga baharini, utawazuia? Kamba ikaonekana. Wiki iliyofuata gari likasimama mbele ya nyumba yetu, akashuka kiongozi wao, bwana wa uso mwekundu, na mkalimani, kijana wa mjini. Farida alikuja nyuma yao, mkono tumboni, hana damu usoni. Hirizi ilikuwa mkononi mwa yule bwana.

Mkalimani akasema mkubwa anauliza, hiki ni kitu cha dini? Kama ni cha dini, daktari anarudishwa kwao na kazi amekosa.

Wote wakamgeukia Bibi. Nilimjua. Kukana aya ya Mungu kwa ulimi wake hawezi, na kumchoma Farida hataki.

"Nimeshona mimi," nikasema. "Tunacheza mama na baba, hicho mwanasesere wetu. Huyu rafiki yangu."

"Ndani kuna nini?"

"Mbegu za mpapai. Akifungua atanishonea mwenyewe!"

Mkalimani akabana kicheko, akatafsiri. Bwana yule akaigeuza hirizi huku na huku, akaona ushonaji wangu ulivyopinda kama njia ya ng'ombe. Hakuna mganga anayeshona hivyo. Akanirudishia.

Mimi! Kaniki yangu ikawa mkononi mwangu, nimerudishiwa na serikali ya Urusi. Ningeikunja kiganjani nikakimbilia uani, na nani angenidai? Nikamtazama Farida. Mimi kile kipande nilikuwa nakichungulia kwa choyo. Yeye alikuwa akikitazama kama mfungaji anavyotazama maji saa tisa mchana.

"Rafiki," nikasema, "umesahau mwanasesere wetu." Nikamtia mkononi.

Alirudi kwao kabla ya kujifungua, na hatukusikia tena habari zake. Mimi niliolewa, nikazaa, na wa pili nikamzika kabla hajatambaa. Siku ile nililia kwa mambo mawili, na la pili sikumwambia mtu. Nilikuwa namfikiria mtoto wa Kirusi, kama alizaliwa, anakimbia kwenye theluji na nguo ya bibi mkuu wangu kiunoni.

Miaka ilivyokwenda, hata hilo lilipoa. Jirani yangu mwenye redio ndiye aliyeniambia kwamba nchi ile imevunjika na misikiti yao imefunguliwa. Nikasema alhamdulillahi, nikaendelea kupepeta mchele. Lakini usiku niligundua kuwa wivu haukutoka, umehama chumba tu. Hapa mtaani msikiti uko hatua chache. Adhana ya alfajiri ikiita, mimi najigeuza ukutani nikasema kidogo tu, bado kidogo. Hakuna wa kuniuliza, hakuna wa kunifukuza kazi, sihitaji cheti cha vidonda. Na katika maisha yangu yote sijawahi kukitaka kitu cha Mungu kama mwanamke yule alivyokitaka kitambaa kimoja cha upana wa kiganja. Kiu ile sikupewa. Ndiyo ninayomwonea wivu.