Bi Nana Mlangoni mwa Klasta

Bi Nana alirudi darasani akiwa na miaka arobaini na minne. Kabla ya hapo alikuwa muuguzi pekee wa zahanati moja ndogo nje ya Gede, kwa miaka kumi na mmoja. Alipoondoka aliomba ruhusa ya kunakili madaftari ya homa bila majina: umri wa mtoto, kijiji, siku. Aliyachapa mwenyewe, mwezi baada ya mwezi. Swali lake lilikuwa dogo. Mvua ikinyesha, homa huanzia kijiji gani, na baada ya siku ngapi?

Kituo cha utafiti kilichompokea Kilifi kilimpa hadi Jumatatu adhuhuri kuonyesha jibu la kwanza. Bila jibu, hapakuwa na mwaka wa pili wa masomo.

Hesabu ile ilikuwa nzito kwa kompyuta moja. Kituo kina klasta, yaani kompyuta arobaini zinazoendeshwa kwa mfumo wa Linux, zimeunganishwa zifanye kazi kwa pamoja. Kila moja huitwa nodi. Mtu huingilia kwenye mashine ya mlangoni, anaandika kazi yake, na programu iitwayo mpangaji huiweka kwenye foleni mpaka nodi zipatikane. Bi Nana aliingia mlangoni Jumatatu iliyotangulia, wiki nzima kabla, akaanzisha hesabu yake papo hapo, asiende ndani.

Kufikia Ijumaa mashine ya mlangoni ilikuwa imelemewa. Watu walibonyeza herufi wakaisubiri itokee.

"Mahadhi," akasema Mwaura, mtafiti aliyekaa karibu na dirisha, "kuna mtu ametandika mkeka mlangoni. Mwondoe tupite."

Mahadhi ndiye msimamizi wa klasta, kijana wa Malindi mwenye miaka ishirini na tisa. Jina la Bi Nana alikuwa ameliona tangu Jumanne. Kazi ya mtu mwingine angeizima bila kuuliza.

"Ni mtu mzima yule," akajibu.

"Kompyuta haijui umri."

"Mimi najua."

Baada ya swala ya Ijumaa akamwendea.

"Shikamoo, Bi Nana."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kunifukuza?"

"Nani kakwambia?"

"Mwaura hana sauti ya siri."

Mahadhi akavuta kiti. "Kwa nini kazi hukuipeleka ndani, kwenye nodi?"

"Nilipoingia nilikuta maandishi: karibu, hapa ni mlangoni. Nikakaa mlangoni. Nyumba ya watu huingii mpaka uambiwe ingia."

Mahadhi alicheka. Maandishi yale aliyaweka yeye. Akamweleza polepole kwamba kwa mwendo ule hesabu ingetaka siku tisa zaidi, na kwamba kuihamisha ni kuizima na kuanza upya.

"Na siku zangu tano?"

"Zimepotea, Bi. Ningekuja Jumanne. Niliona haya."

Nadhani wengi wetu tumepoteza zaidi ya siku tano kwa kuoneana haya, ila hatukupata mtu wa kutuambia ni ngapi.

"Izime," akasema.

Wakaigawa hesabu vipande mia moja thelathini na viwili, kila mwezi kipande chake. Mahadhi akamfundisha kuandika ombi: nodi ngapi, kumbukumbu ya kompyuta kiasi gani, kwa muda gani. Ukiomba kidogo, mpangaji atakukatiza katikati. Ukiomba kingi, utakaa kwenye foleni. Bi Nana aliandika mwenyewe, akatuma. Mbele ya kazi yake pakatokea neno: inasubiri. Kazi za Mwaura zilikuwa zimepangwa mbele yake, za nodi thelathini.

Haukupita muda, neno likabadilika: inaendelea.

"Zangu nimezishikilia mpaka kesho," akasema Mwaura bila kugeuka. "Mama apite."

Jumamosi asubuhi vipande vyote vilikuwa vimekamilika, isipokuwa kimoja, cha Mei 2013. Mahadhi akafungua orodha ya makosa.

"Hapa pana siku kumi na mbili tupu. Programu imekwama. Tuweke sifuri?"

"Sifuri itasema nini?"

"Kwamba siku hizo hakuna mtoto aliyeumwa."

Bi Nana alikunja mikono mapajani. "Nilikuwa hospitali na mwanangu Raiya. Alikuwa na miaka miwili, malaria imempanda kichwani. Muuguzi ni mimi, kwa hiyo zahanati ilifungwa. Watoto waliumwa, Mahadhi. Mama zao walikuja wakakuta kufuli."

Mahadhi aliogopa kuuliza.

"Yupo," akasema Bi Nana. "Yuko gredi ya tisa. Sikio la kushoto halisikii, basi tukikaa hupenda kuwa kushotoni kwangu, lile zima linielekee."

"Tusiweke sifuri," akasema Mahadhi. Akamwonyesha alama nyingine, inayoiambia programu kwamba siku ilikuwepo lakini idadi haijulikani. Angeweza kuzijaza zote kwa amri moja. Aliziacha. Bi Nana akaandika alama ile mara kumi na mbili, siku moja moja, na kijana akakaa kando yake hadi ya mwisho. Wakatuma kipande kile peke yake. Kilichukua dakika nne.

Jumatatu mchoro wa Bi Nana ulionyesha homa ikianzia vijiji vya bondeni, wiki tatu baada ya mvua. Mwaka 2013 mstari ulikatika. Mmoja wa waliomsikiliza akauliza kama pale homa ilipungua.

"Hapana," akasema. "Siku hizo homa ilikuwepo. Mimi sikuwepo." Akawasimulia habari za kufuli na mama waliolikuta.

Wakampa mwaka wa pili, wakamtaka aanze kwa kuwatafuta mama wale, kijiji kwa kijiji, awaulize watoto waliumwa siku zipi.